Mishale ya shabaha ya kutengeneza nyumbani: namna ya kupata dazeni inayofanana

Upinde ukitunzwa unakaa miaka. Mishale ndiyo inayoisha: inapotelea majanini, inapasuka nyuma, inavunjika ikigonga jiwe, manyoya yanaliwa na wadudu. Anayepiga shabaha kwa upinde wa mti hapa Tabora atatengeneza mishale mara nyingi kuliko atakavyotengeneza upinde, na upigaji wake utaamuliwa hapo.

Wapo wanaouliza kama wanaweza kujaza upya risasi za bunduki nyumbani, kama wanavyofanya watu wengi Marekani. Kwetu hilo lifute. Silaha za moto na risasi zina sheria yake ya mwaka 2015, na kujitengenezea risasi bila leseni ni kosa la jinai. Lakini kazi yenyewe, ile ya kuchagua vipande, kupima gramu, kupanga kwa makundi na kutupa visivyolingana, unaipata yote kwenye mshale. Na vifaa vyake vinapatikana kwa seremala, kwa fundi mota na kwa mfuga bata.

Mshale mmoja mzuri peke yake hauna faida kubwa. Mishale kumi na miwili ya wastani lakini inayofanana itakupa kundi dogo kwenye gunia la shabaha, yaani itachoma karibu karibu. Kama yote inakwenda sentimita 15 kushoto, unalenga kulia kiasi hichohicho na mambo yamekwisha. Mishale kumi na miwili mizuri, kila mmoja na tabia yake, haina dawa. Kwa hiyo vipimo vyote vinavyofuata visome hivyo: namba kamili ina umuhimu wake, ila tofauti kati ya mshale na mshale ndiyo adui mkubwa.

Anza na upinde, usianze na mti

Nyosha mikono pembeni, mwenzio apime kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kisha gawa kwa 2.5. Mwenye sentimita 170 anapata 68; huo ndio urefu anaovuta. Wano, yaani mti wa mshale, likae sentimita 72 hivi, ili ukivuta mpaka mwisho zibaki sentimita nne mbele ya shikio. Likiwa fupi kuliko hapo, siku utakayovuta kwa nguvu zaidi chembe, yaani ncha ya chuma ya mshale, itaingia nyuma ya upinde, na ukiachia itaelekea kwenye mkono ulioshika.

Nguvu ya upinde ipime kwa mizani ya ndoano, ile ya wanunuzi wa asali. Ning'iniza mizani, tia upote, yaani kamba ya upinde, kwenye ndoano, vuta upinde chini mpaka ufike zile sentimita 68, soma. Kwa shabaha ya kujifurahisha kilo 15 hadi 20 zinatosha. Zaidi ya hapo mkono unaanza kutetemeka kabla hujalenga, na mshale hauna kosa.

Namba hizo mbili, urefu na kilo, ziandike ndani ya daftari. Kila kitu kinatoka humo.

Mti

Kuna njia mbili zinazofaa na moja ambayo siipendi.

Ya kwanza ni machipukizi ya mkole. Mkole uliokatwa hutoa fimbo nyembamba zilizonyooka, na nyuzi zake zinakwenda mzima kutoka shina hadi ncha, jambo ambalo ubao hauwezi kukuhakikishia. Kata wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, mti ukiwa na maji kidogo. Chagua zenye unene wa milimita 11 au 12 upande wa shina, kata sentimita 85, na kata ishirini na tano ukitaka kumi na mbili. Kata kwenye shamba lako au kwa ruhusa ya mwenye shamba. Msitu wa hifadhi una wenyewe, na TFS, wakala wa serikali wa misitu, hawatakusikiliza ukisema ni fimbo tu.

Kukausha ndiko kunakoharibu kazi za wengi. Fimbo mbichi ikimenywa siku hiyohiyo na kuanikwa juani itapasuka kwa urefu ndani ya siku chache, kwa sababu nje inakauka na kusinyaa wakati ndani bado kuna maji. Acha gome. Paka nta ya nyuki kwenye ncha zote mbili, maana maji hutoka haraka zaidi kupitia ncha kuliko pembeni. Funga fimbo zote fungu moja, kamba ikaze kila sentimita 15, ziweke darini au chini ya kipaa penye hewa na kivuli. Baada ya wiki mbili au tatu menya, funga tena, rudisha. Chukua moja uitie alama, uipime kila wiki. Uzito ukikoma kushuka kwa wiki mbili mfululizo, zimekauka. Mara nyingi ni miezi miwili, na masika yakikukuta itakuwa zaidi.

Njia ya pili ni ubao wa msonobari, huu unaoletwa kutoka Mufindi. Unakauka mapema na mawano yake yanakaribiana sana kwa uzito. Tatizo ni nyuzi. Tazama ubao kwa ubavu: mistari ikiteleza kutoka upande mmoja hadi mwingine ndani ya wano moja, mshale utavunjika hapo, na utavunjika kwa mshazari wenye ncha kali. Uache dukani. Ukipata ulionyooka, mwambie seremala akupasulie vijiti vya milimita 10 kwa 10. Piga randa pembe nne ziwe nane, kisha vipitishe kwenye bamba la chuma la milimita 3 au 4 lenye matundu ya 9.5, 9 na 8.5, ukisukuma na kuzungusha. Kingo za tundu ndizo zinazokwangua. Malizia kwa msasa namba 120, kisha 220, ukiukunja ndani ya kiganja na kuvuta wano huku unalizungusha.

Njia nisiyoipenda ni matete. Ni mepesi na yamenyooka, lakini yanataka kipande cha mti mgumu mbele na kingine nyuma, na yakipasuka hayarekebishiki. Mwenye mkono mwepesi anaweza.

Kunyoosha

Fimbo ya mkole itakuwa na vipinda. Jiko la mkaa uliokolea, bila mwali, wano sentimita 15 hadi 20 juu yake. Paka mafuta kidogo mahali pa kupinda ili pasiungue, zungusha mpaka pasishikike vizuri kwa vidole, kisha kunja upande wa pili kupita kidogo mstari ulionyooka na ushikilie mpaka pawe baridi. Ukiachia pakiwa moto, mti unarudi ulikotoka. Pakigeuka kahawia iliyoiva, umeshaunguza nyuzi na hapo ndipo pataondoka kwanza.

Anza na kipinda kikubwa kilicho karibu na katikati, kisha nenda nje. Penye kifundo usikwangue mpaka kuwa sawa na pengine. Acha kiuvimbe kidogo, maana nyuzi pale zinazunguka na ukizikata zote pamekuwa dhaifu. Ukaguzi: viringisha wano juu ya kioo cha dirisha. Linaloruka-ruka bado.

Mkole ukinyooka, kwangua kwa kigae cha chupa au kisu hadi milimita 9 upande wa shina na 8 upande wa ncha. Upande wa shina ndio uende mbele.

Ukakamavu wa wano

Wengi wanaruka hatua hii kisha wanalaumu macho yao. Upote ukiachiwa unalisukuma wano kutoka nyuma wakati chembe bado ina uzito wake mbele, kwa hiyo wano linapinda, linajikunja kuuzunguka upinde, linarudi, linapinda tena, na linatulia baada ya mita kadhaa. Likiwa gumu mno halijikunji, ubavu wake unausukuma upinde na mshale unatupwa nje. Likiwa laini mno linajikunja kupita kiasi.

Kipimo kinatengenezwa ukutani. Piga misumari miwili kwa usawa mmoja, sentimita 66 kutoka mmoja hadi mwingine. Laza wano juu yake. Katikati ning'iniza chupa ya maji yenye gramu 907 pamoja na chupa yenyewe na kamba. Soma kwa rula milimita ambazo katikati imeshuka. Kisha gawa 300 kwa kilo za upinde wako: upinde wa kilo 15 unataka wano linaloshuka milimita 20, wa kilo 20 unataka milimita 15.

Hesabu hiyo ni ya upinde uliochongwa kibao cha kupumzikia mshale pembeni mwa shikio. Pinde zetu nyingi hazina; mshale unapita juu ya ngumi, ukizunguka unene wote wa shikio, kwa hiyo wano liwe laini zaidi. Punguza kilo nne kabla ya kugawa. Upinde wa kilo 18 usio na kibao: 300 gawa kwa 14, milimita 21.

Wano lililoshuka kidogo mno, kwangua sehemu ya katikati kidogo-kidogo na upime tena. Nusu milimita ya kipenyo inabadilisha mengi. Lililoshuka mno haliongezeki ugumu, labda uliache kwa mtoto mwenye upinde mwepesi. Kwenye ubao geuza wano upime pande mbili, kwa sababu linashuka tofauti kufuatana na pete za mti. Andika upande mgumu, ndio utakaoegemea upinde. Ndani ya dazeni moja tofauti isizidi milimita 2.

Mkato wa upote

Kwenye wano la ubao tazama pete za mti kwenye ncha ya nyuma. Mkato upite ukizikata pete, usifuate mstari wake. Ukifuata, upote unakuwa kabari na mshale utapasuka mara ya kwanza au ya tano. Unganisha visu viwili au vitatu vya msumeno wa chuma kwa utepe, kulingana na unene wa upote, kata kina cha milimita 7, lainisha ndani kwa msasa uliokunjwa. Chini ya mkato zungusha uzi wa nailoni upana wa sentimita moja na uuloweshe gundi. Uzi huo una kazi moja: mpasuko ukianza usifike mbali.

Ukiuning'iniza mshale kwenye upote, ushike, na ukigonga upote kwa kidole uanguke. Unaobana utachelewa kutoka na kuyumba. Unaolegea unaweza kuteleza wakati unavuta, ukaachia upote mtupu, na upinde wa mti haupendi kuachiwa bila mshale. Kwa sababu hiyohiyo usitengeneze mishale myepesi ukidhani itakwenda mbali.

Chembe

Ya shabaha haina mabawa wala ukali. Chukua msumari wa inchi tatu, kata kichwa, bakisha milimita 60. Toboa mbele ya wano tundu la unene uleule wa msumari, kina cha milimita 40, tia gundi ya epoksi, ingiza. Ukiupigilia kwa nyundo bila tundu la kutosha, wano linapasuka. Tundu likienda upande, mshale unatingishika angani kama gurudumu la baiskeli lenye mhimili uliopinda. Toboa tundu hili kabla ya mkato wa upote na manyoya, ili ukikosea usiwe umepoteza siku.

Kipande cha milimita 20 kilichobaki nje kipigwe tupa kiwe na ncha ya mviringo. Ncha kali inazama sana na kukwama.

Kisha nenda kwa fundi anayesuka mota upya umwombe waya wa shaba wa koili ulioungua, wa nusu milimita. Zungusha mizunguko 40 mbele ya wano, funika kwa epoksi. Hiyo ni gramu mbili hivi, inazuia wano kupasuka likigonga kitu kigumu, na inasogeza uzito mbele. Ukiupima mshale uliokamilika juu ya kidole, mahali unapokaa sawa pawe sentimita 7 hadi 9 mbele ya katikati. Pakiwa karibu na katikati kabisa, mshale unayumba muda mrefu, ongeza mizunguko.

Manyoya

Bata mzinga ndiye bora, bata bukini anafuata, jogoo mkubwa anasaidia. Tumia manyoya makubwa ya bawa, na matatu ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja. La kulia na la kushoto yamejikunja kinyume; ukichanganya, moja linauzungusha mshale huku na jingine linauzuia. Tai na ndege wengine wa porini waache walivyo, sheria ya wanyamapori inawahusu.

Pasua uti wa unyoya kwa wembe, sugua upande wa chini kwenye msasa mpaka uwe bapa na mwembamba kama milimita moja. Kata urefu wa sentimita 11, kimo cha milimita 13. Kupata nafasi tatu sawa, zungushia wano ukanda wa karatasi, kata pale unapokutana, pima, gawa kwa tatu: wano la 8.5 litakupa milimita 9 kasoro kidogo kati ya unyoya na unyoya. Mmoja ukae pembe mraba na mkato wa upote. Huo ndio utakaotazama nje ya upinde. Mwisho wa nyuma uwe milimita 25 kutoka mkato, vidole vipate nafasi. Laza kila unyoya kwa mshazari mdogo, digrii mbili au tatu, kwa mkunjo wake wa asili.

Hapa kuna kosa linalorudi kila mara: watu wanapaka wano lote nta kwanza, kisha wanashangaa gundi haishiki. Sentimita 18 za nyuma ziache kavu mpaka manyoya yashike. Nta iliyoyeyushwa ndani ya bakuli lililowekwa kwenye maji moto, ikachanganywa na mafuta kidogo, ije mwisho.

Ncha ya mbele ya kila uti ifungwe uzi na kufunikwa gundi. Mshale unapopita juu ya ngumi, uti uliochomoza unaingia kwenye ngozi kama mwiba, na hutauona ukija.

Kupima na kupanga

Mizani ya sonara inatosha. Upinde wa mti unapenda gramu 1.4 hivi kwa kila kilo ya nguvu: kilo 18, mshale wa gramu 25. Usishuke chini ya gramu 1.1 kwa kilo. Tofauti ndani ya dazeni isizidi gramu moja na nusu. Mshale mwepesi ongeza waya mbele, mzito kwangua kidogo, lakini ukishakwangua rudi kwenye chupa ya maji upime ukakamavu.

Andika namba kwenye kila mshale. Piga mita 10, mizunguko mingi, ukiandika namba ya kila unaokimbia kundi. Ukikimbia mara moja ni mkono wako. Namba 7 ikikimbia kila zamu upande uleule, ni mshale, na utoke kwenye dazeni. Yote ikienda kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia, mawano ni magumu mno. Ikienda kulia, mawano ni laini mno. Ukitaka uhakika, piga wano moja lisilo na manyoya kwenye gunia laini ukiwa karibu na ulinganishe linapoingia.

Gunia la shabaha ni la juti, lile la tumbaku, lililojazwa vitambaa vya mafundi cherehani na kukanyagwa mpaka ligome, unene usipungue sentimita 40. Lisimamishe mbele ya kichuguu kikubwa, lisiwe juu yake, maana udongo wa kichuguu kikavu ni mgumu na utakula chembe zako. Mshale uliokosa gunia usikute njia, mifugo wala mtu nyuma yake. Upinde wa kilo 18 unaufikisha zaidi ya mita mia moja bila shida. Na usiupeleke matembezini upande wa Ugalla. Tangu 2019 ni hifadhi ya taifa, na mtu mwenye upinde humo anahesabiwa mwindaji, atasema mbele ya hakimu kama alikuwa anatafuta gunia.

Kila mshale unaotoka kwenye gunia ukunje kidogo, sentimita mbili tatu, karibu na sikio. Ukisikia mlio wa kukatika, hata mdogo, vunja vipande viwili papo hapo ili asije mtu akaurudisha kwenye podo, mfuko wa mishale. Mshale wenye ufa ukiachiwa unapasukia juu ya ngumi iliyoshika upinde na kibanzi kinapita mkononi. Msumari unaokoka: pasha moto mbele mpaka epoksi ilegee, vuta kwa koleo, utumie tena. Manyoya yaliyolala kwa mvua au kwa kubanwa yashikilie juu ya mvuke wa birika sekunde chache, yatasimama.